Vumbi la nguo za baba na ugonjwa wa mama: tuseme au tunyamaze?

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watu wote wakiwa wamelala, kwa sababu mchana siwezi kushika kalamu bila mtu kuniuliza naandika nini.

Mama yangu ana miaka 67. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba sketi zinambana kiunoni, huku mashavu na mikono vikizidi kukonda. Tumbo likajaa maji. Yakavutwa, yakarudi. Hospitali ya kwanza walituambia ni saratani ya ovari na wakaanza kupanga matibabu. Daktari mwingine hakuridhika. Akataka kinyama kikatwe ndani ya tumbo kupitia tundu dogo, kikapimwe maabara, na majibu yakaja na jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika ukoo wetu: mesothelioma ya utando wa tumbo.

Siku hiyo ni mimi niliyemsindikiza, kwa hiyo daktari aliniita mimi peke yangu. Aliniuliza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kufanya kazi na asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayochanganywa na saruji. Miguu iliniisha nguvu. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mapaa na mabomba ya saruji ya asbesto tangu 1974 hadi kilipofungwa 1989. Hapakuwa na mahali pa kubadilishia nguo. Alirudi jioni ovaroli ikiwa nyeupe kwa vumbi, mama akaikung'uta nje, kisha akaifua kwa mikono. Miaka 15. Sisi watoto tulikuwa tunamkimbilia baba mlangoni kabla hajavua chochote.

Kaka yetu mkubwa amesoma kwenye intaneti kwamba wenye ugonjwa huu huishi miezi 8. Anataka mama afanyiwe haraka operesheni kubwa aliyoitaja daktari, ya kuondoa uvimbe tumboni na kuosha tumbo kwa dawa ya moto. Dada yangu hataki kusikia habari za kisu. Anasema mama ameshachomwa sindano za kutosha, aachwe apumzike nyumbani. Wanagombana kila wakikutana. Jambo moja tu wamekubaliana: mama aendelee kuambiwa kwamba ana maji tumboni na yatakwisha, na baba asijue kabisa ugonjwa huu unatokana na nini.

Baba ana miaka 74. Sijawahi kumsikia akimpandishia mama sauti. Akijua kwamba alikuwa akimletea mkewe kifo ndani ya nguo za kazi, naogopa atatangulia yeye. Lakini pia siku hizi akipanda ngazi husimama katikati kuvuta pumzi. Anasema ni uzee. Zamani ningemwamini, sasa siamini tena.

Juzi nilikuwa namkata mama kucha. Akaniuliza, "Mnanificha nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, mama." Akasema, "Haya," akageukia ukutani. Tangu hapo hajaniuliza tena neno lolote kuhusu ugonjwa wake, na ukimya huo unanitesa kuliko swali.

Nina swali jingine ambalo naona aibu kuliuliza wakati mama yuko katika hali hii. Na mimi je? Na ndugu zangu? Vumbi lile tulilivuta sote.

Nisaidie, mama.

Mtoto wa Tatu

---

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nikikuelewa vizuri, umeachiwa siri mbili. Moja ni kwamba mama ana saratani. Nyingine ni kwamba huenda saratani hiyo iliingia nyumbani na ovaroli za baba. Ndugu zako wamezifunga pamoja na kuamua zote zinyamaziwe, halafu wewe uliyesikia kwa daktari ndiye unayelala nazo. Naomba tuzitenganishe, kwa sababu kila siri hapo ina mwenyewe, na hatari za kuificha moja si hatari za kuificha nyingine.

Kabla ya hapo niuseme ugonjwa wenyewe, maana naona mnagombana juu ya kitu ambacho hakuna aliyewaeleza wote mkiwa pamoja. Mapafu, moyo na viungo vya tumboni vimefunikwa na utando mwembamba, kama ule unaobaki ndani ya ganda la yai. Utando huo hutoa majimaji ya utelezi ili pafu lipanuke na utumbo ujongee bila kukwaruzana. Mesothelioma huanzia kwenye chembe za utando huo. Mara nyingi, karibu wagonjwa 8 katika 10, huanzia kwenye utando wa mapafu. Aina ya mama yako, ya utando wa tumbo, ni sehemu ndogo ya waliobaki, na ile ya utando wa moyo ni adimu zaidi. Duniani kote hupatikana wagonjwa wapya wapatao 30,000 kwa mwaka, kwa hiyo daktari anaweza kustaafu bila kukutana na hata mmoja. Mkanganyiko na saratani ya ovari hutokea hata kwa madaktari makini: yote mawili hujaza tumbo maji, na kwenye picha hufanana sana. Kinachoyatenganisha ni kinyama kilichopakwa rangi maalumu maabara na kusomwa na mtaalamu aliyeuzoea ugonjwa. Huyo daktari wa pili aliyekataa kuridhika amewatendea wema mkubwa.

Kuna jambo moja hukuniandikia, nami nahisi hata nyumbani hamlijui: aina ya chembe. Zipo tatu. Epithelioidi ndiyo inayoonekana zaidi, na kwa kawaida huenda polepole kuliko nyingine. Sarkomatoidi ni kali na hukubali dawa kwa shida. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili. Jibu hilo limo kwenye karatasi ya maabara, na bila hilo mabishano ya kaka na dada yako yanapigwa gizani.

Sasa hiyo miezi 8 ya kaka yako. Mwaka 1982 mwanasayansi wa Marekani, Stephen Jay Gould, aligunduliwa kuwa na ugonjwa huuhuu wa utando wa tumbo, akiwa na miaka 40. Alipotafuta vitabuni alikuta namba hiyohiyo, miezi 8. Yeye alizoea takwimu, akajua kwamba namba ya aina hiyo ni mstari wa katikati tu: nusu ya wagonjwa walifariki kabla yake, nusu waliuvuka, na miongoni mwa waliouvuka wapo waliofika mbali sana. Gould aliishi miaka 20, akafariki 2002 kwa saratani nyingine. Sikupi hadithi yake ili umpimie mama yako, ambaye ana umri mwingine na mwili mwingine. Nataka tu muulize kila namba inayoingia nyumbani: ni ya mwaka gani, ni ya utando upi, ni ya chembe gani, na wagonjwa hao walipata tiba gani? Nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za utando wa mapafu, tena za zamani.

Operesheni anayoitaka kaka yako ipo na ina matunda. Daktari wa upasuaji huvua utando ulioathirika na kuondoa kila uvimbe anaouona, pengine pamoja na kipande cha utumbo, kazi ya saa nyingi. Kisha dawa ya saratani iliyopashwa moto, kama nyuzi 41 hadi 43, huzungushwa tumboni kwa saa moja au saa moja na nusu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 405 waliotibiwa hivyo, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 53. Ukiliweka hilo mbele ya miezi 8 unaelewa kwa nini kaka yako ana haraka. Lakini katika matokeo hayohayo, wagonjwa 31 katika kila 100 walipata madhara makubwa baada ya operesheni, na 2 katika kila 100 walifariki kutokana nayo. Tena hao walikuwa wamechujwa kwanza: wenye mwili unaohimili, wenye uvimbe unaoweza kuondolewa karibu wote. Mama yako amekonda. Je, ameshapimwa kama yumo katika kundi hilo? Na hao madaktari wameshafanya operesheni hiyo kwa wagonjwa wangapi? Kwa kazi ya namna hii mazoea ya mikono ni jambo zito, na mnaruhusiwa kuuliza bila kuomba radhi.

Asipofaa kwa kisu, au asipokitaka, zipo dawa za kuingizwa kwenye mshipa. Zinazotumika sana ni pemetreksedi pamoja na sisplatini au kaboplatini, na mgonjwa hupewa pia asidi ya foliki na vitamini B12 ili mwili usiumie mno. Zipo pia dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambazo tangu 2020 zimeanza kuidhinishwa kwa mesothelioma ya utando wa mapafu. Kwa utando wa tumbo ushahidi wake ni mdogo, ingawa madaktari wengine huzijaribu.

Dada yako naye asidharauliwe. Anachokililia kina jina: tiba shufaa. Watu wengi hudhani maana yake ni kukata tamaa, nadhani hata kaka yako anadhani hivyo. Tiba hiyo hutuliza maumivu na kichefuchefu, hushughulikia usingizi na hamu ya kula, na kwa tumbo linalojaa kila mara, mgonjwa anaweza kuwekewa mrija mwembamba wa kudumu ili maji yatolewe nyumbani badala ya kuchomwa upya kila safari. Inaweza kuanza leo, sambamba na dawa au hata kabla ya operesheni. Huenda kaka na dada yako hawapingani kiasi wanachofikiri. Mmoja anaogopa mama atakufa mapema, mwingine anaogopa ataumia. Mama anaweza kuwa na hofu zote mbili, au ya tatu ambayo hamjaiwaza.

Na hapo ndipo siri ya kwanza inaponikwama kooni, mwanangu. Nani atatia sahihi? Hakuna daktari mwaminifu atakayempasua mtu mzima mwenye akili zake kutoka kifuani hadi kinenani na kumwambia anakwenda kutoa maji. Kaka yako anataka operesheni na anataka siri, na sioni jinsi vitu hivyo viwili vitakavyokaa chumba kimoja. Hata dada yako, akichagua mama apumzike, atakuwa amemchagulia mtu ambaye hakuulizwa.

Naelewa kwa nini mnaficha. Mnaogopa neno saratani litamvunja. Wapo wagonjwa ambao kweli hawataki kujua, na hiyo ni haki yao. Ila mama yako amekuuliza. Kisha alipopewa jibu alinyamaza, nawe umeukuta ukimya huo mzito kuliko swali. Je, inawezekana ameshajua kiasi, na anachokitafuta ni mtu wa kuzungumza naye? Siwezi kuwa na uhakika kwa barua moja. Wewe unayemkata kucha unaweza.

Kama ukiamua kuufungua mlango huo, si lazima uanze kwa kumwaga kila kitu. Unaweza kumuuliza: "Mama, majibu ya hospitali yapo. Ungependa kujua yote, kidogo, au ungependa tuyazungumze sisi na daktari?" Chochote atakachojibu kitakuwa ni uamuzi wake. Akitaka kujua, mwombe daktari mkae naye pamoja, kwa kuwa maswali yatakayofuata yatakushinda. Hatari yake ni kwamba atalia, pengine atakasirika kwa kufichwa, na ndugu zako watakulaumu kwa kuvunja makubaliano. Kwa sababu hiyo ningependa uwaambie wao kwanza kwamba mama ameuliza. Sina hakika kama wanajua.

Siri ya pili ni ya baba, na hiyo ni ngumu zaidi. Niruhusu niguse kwanza ule uhakika wako. Daktari aliuliza kuhusu asbesto kwa sababu ndiyo chanzo kikuu kinachojulikana, na vumbi la nguo za kazi limethibitika kuwaletea ugonjwa watu wa nyumbani. Ugonjwa huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 50 kujitokeza, kwa hiyo tarehe zako zinalingana. Hata hivyo, mesothelioma ya tumbo, hasa kwa wanawake, mara nyingine hutokea bila asbesto yoyote kuonekana, na zipo familia zinazorithi kasoro katika jeni iitwayo BAP1 inayoongeza hatari hiyo. Ovaroli ni maelezo yenye nguvu. Lakini hakuna anayeweza kuuonyesha uvimbe na kusema unyuzi huu ulitoka kwenye mfuko huu.

Tuseme basi ni ovaroli. Bado neno ulilotumia, kwamba alikuwa akimletea mkewe kifo, nakuomba ulitazame tena. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma wa Afrika Kusini, wengi wakihusishwa na migodi ya asbesto ya bluu, na baadhi yao hawakuwahi kuchimba, waliishi tu karibu. Mwaka 1965, London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson wakaonyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa walikuwemo wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao. Baba yako aliajiriwa 1974. Miaka 9 ilikuwa imepita tangu jambo hilo liandikwe, na bado kiwandani kwake hapakuwa na mahali pa kubadilishia nguo. Aliyestahili kujua na kuchukua hatua hakuwa kijana aliyekuwa akirudi nyumbani na mshahara wa watoto. Akielezwa hivi, baba anaweza kuyapokea tofauti na unavyohofia. Anaweza pia kuachana na hatia akashikwa na hasira, na hasira katika umri wake nayo ni mzigo. Sikufichi hilo.

Kumficha nako kuna gharama mbili ambazo ndugu zako pengine hawajazihesabu. Ya kwanza ni pumzi zake. Mtu aliyevuta vumbi la asbesto miaka 15 anaweza kuwa na kovu la mapafu, maji kifuani au ugonjwa huuhuu, na daktari atakayempima bila kujua alifanya kazi wapi anaweza kuandika uzee kama anavyosema yeye. Hili halihitaji kusubiri siri nyingine. Anaweza kwenda hospitali kesho kwa ajili ya pumzi zake na kuitaja kazi yake ya zamani, bila kutajiwa mama. Ya pili ni fidia. Katika nchi kadhaa wagonjwa wa asbesto, na mara nyingine hata watu wa nyumbani mwao, wana haki ya kudai, na muda wa kudai huweza kuanza kuhesabiwa siku ugonjwa unapogunduliwa. Atakayekumbuka miaka, idara na majina ya wenzake wa kazi ni baba. Ulizeni mwanasheria kuhusu sheria ya kwenu mapema.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja. Mama akishajua hali yake, huenda akataka awe yeye wa kuamua mumewe aambiwe nini, lini, na na nani. Wameishi pamoja maisha yao yote ya ukubwa, na yeye ndiye aliyezifua hizo nguo. Yawezekana akasema asiambiwe kamwe. Yawezekana akamwambia kwa namna ambayo hakuna mtoto angeweza. Hatari ya kungoja ni kwamba baba anaweza kulisikia kwa muuguzi kwenye korido, au kulisoma kwenye cheti, akiwa peke yake.

Swali lako la mwisho si la aibu hata kidogo. Ugonjwa huu hauambukizi. Mshikeni mama, mlale naye, mle naye. Vumbi mlilovuta utotoni limeongeza hatari yenu kuliko mtu ambaye hakulivuta, lakini wengi waliovuta hawaugui mesothelioma maishani. Kwa asiye na dalili hakuna kipimo cha kila mwaka kilichothibitika kusaidia, kwa hiyo msikimbilie picha za mara kwa mara. Muhimu ni kila mmoja wenu amweleze daktari wake historia hiyo iandikwe kwenye faili, na asipuuze pumzi fupi, maumivu ya kifua au tumbo linalojaa bila sababu. Kama kuna anayevuta sigara, aache. Sigara haileti mesothelioma, lakini ikikutana na asbesto huikuza mno hatari ya saratani ya mapafu. Na kama katika ukoo kuna wengine waliougua mesothelioma, saratani ya jicho au ya figo, mtajieni daktari, aone kama kuna haja ya kupima jeni.

Nenda uiombe karatasi ya maabara, mwanangu, usome aina ya chembe, kisha waite ndugu zako wawili kabla ya siku ya kumwona daktari. Niandikie mlivyokubaliana, na hata mkishindwa kukubaliana niandikie.